Pole yenye masharti

Najua nimeadimika sana. Mitihani, asainimenti za watu wasiokuwa na huruma, halafu kompyuta yangu nayo ikaamua kugoma kwa wiki mbili nzima. Lakini leo nimerudi, na nimekuja na stori ya nyumbani Kigoma ambayo nimeikalia tangu mwaka 2024. Sikuiandika wakati ule kwa sababu ilikuwa bado inauma, na pia, niseme tu ukweli, na mimi mkono wangu ulikuwemo.

Kilichonifanya niitoe ni hiki. Juzi bumu limetoka. Si mnajua hosteli inavyokuwa bumu likitoka? Chipsi zinaliwa saa tano usiku, na watu waliokuwa wanawakwepa wadeni wao kwenye ngazi sasa wanasalimia kwa sauti ya juu. Basi mwenzangu wa chumbani akaja na simu yake, akakaa kitandani kwangu, akaniambia:

"Wewe si mtu wa hesabu? Hebu nisaidie kujaza hizi mechi kumi na tatu. Wiki iliyopita nilipata kumi na moja. Yaani nimekaribia kabisa."

Nimekaribia kabisa! Nikanyamaza kwanza. Nikamwambia shoga, sikusaidii kujaza, ila nitakuandikia kitu. Kitu chenyewe ndiyo hiki.

Turudi Julai 2024. Nilipangiwa TP kwenye shule moja ya sekondari kule Ujiji. Kwangu ilikuwa raha, maana nilikuwa nalala nyumbani kwa mama, Mwanga, asubuhi napanda daladala na sketi yangu ya kimadam, chaki mkobani, nateremka Ujiji kufundisha hesabu. Wenzangu waliopangiwa mikoa ya watu walikuwa wanatafuta vyumba vya kupanga, mimi nakula ugali na migebuka ya mama. Tatizo ni kwamba mwaka huo migebuka yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Kwa wasiojua, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana jambo hilo. Sibishani na nia yake, maana hata wavuvi wenyewe walikuwa wanalalamika kwamba dagaa wamepungua. Lakini ukikulia Kigoma unazoea kwamba usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ziwa linageuka mji. Taa za wavuvi wa dagaa zinapangana kule mbali mpaka unadhani kuna mtaa mwingine umejengwa juu ya maji. Miezi ile mitatu ukisimama Kibirizi usiku unaona giza tupu. Mwalo umelala na mitumbwi imelala, halafu vijana wamekaa.

Mmojawapo wa hao vijana ni mdogo wangu. Humu nitamwita Dogo, maana akijua nimemwandika kwa jina lake atanipiga vita mpaka Krismasi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anavua kwenye mtumbwi wa mjomba. Ziwa lilipofungwa mjomba alimkabidhi shilingi 180,000: anunue nyuzi na vipande vya nyavu, azibe matundu yote, na taa mbili zilizokufa azipeleke kwa fundi, ili ikifika Agosti 15 wawe wa kwanza kuingia majini. Mjomba hana watoto wa kiume. Hela ile ilikuwa kama kumwambia Dogo kwamba siku moja mtumbwi huu utakuwa wako. Naomba muikumbuke hiyo laki na themanini.

Sasa kijana wa miaka kumi na tisa, hana usiku wa kazi, ana simu na ana hela ya mtu mfukoni. Unategemea nini?

Nilipofika nyumbani nikamkuta Dogo amekuwa profesa wa mpira. Ligi za Ulaya zimefungwa, lakini yeye anakutajia timu za Brazil na Marekani, na nyingine za huko kaskazini ambazo hata kutamka majina yake ni mtihani. Kila wiki anajaza mkeka wa jakpoti ya kampuni moja ya kubeti. Kampuni siitaji, na kama mtakavyoona, kosa wala halikuwa lao. Mechi kumi na tatu, kila mechi unasema wa nyumbani anashinda, sare, au mgeni anashinda. Buku moja kwa mstari. Ukipatia zote unaondoka na mamilioni ya kuacha kuvua milele.

Mimi dada mtu, mwalimu mtarajiwa, mtu wa hesabu, ningepaswa kusema nini? Nilisema, "Hebu nione." Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia.

Wiki ile mkeka ulikuwa na robo fainali za Euro 2024. Mechi ya kwanza ilikuwa Uhispania na Ujerumani, Ijumaa tarehe 5 Julai. Dogo alitaka kuweka sare. Mimi nikamwambia, "Acha uoga, Uhispania hii haifungiki. Weka Uhispania anashinda." Akaweka. Dada amesema.

Tukaenda kuangalia kibanda umiza, mimi na yeye, saa moja usiku, mama tumemwambia tunaenda kununua vocha. Uhispania wakatangulia dakika ya 51, Olmo. Dogo akanikumbatia. Muda ukaenda, ukaenda, watu wanaanza kuvaa ndala waondoke, dakika ya 89 Wirtz akasawazisha. Jamani. Kibanda kizima kililipuka, nusu kwa furaha, nusu kwa matusi. Ikaongezwa nusu saa. Tukakaa tumeshikana mikono kama watu walioko msibani. Dakika ya 119, imebaki moja tu waende penalti, Merino akaruka akapiga kichwa. Uhispania 2, Ujerumani 1. Dogo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulirudi nyumbani tunacheka wenyewe njiani. Vocha tulisahau.

Halafu ikawa ile wiki ya ajabu inayotokea mara moja katika maisha. Jumamosi zikatiki. Jumapili, siku ya Saba Saba, zikatiki. Usiku wa Jumapili Dogo alikuja kunigongea dirishani anatetemeka. "Dada, zote. Zote kumi na tatu." Tukakaa uani mpaka alfajiri tunajenga nyumba. Nilikuwa nimeshamnunulia mama friji na mimi mwenyewe nimeshalipiwa masta.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia: umepatia mechi 12.

Dogo alisema ni wizi. Mimi pia, kwa kama dakika kumi, nilisema ni wizi. Kisha nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya kabla hajalipa ile buku. Nikafungua masharti. Marefu kama katiba, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nikayasoma kwenye ngazi za shule wakati wa mapumziko, chai inapoa. Na pale katikati nikakuta: matokeo yanayohesabiwa ni ya dakika 90 pamoja na zile za nyongeza ya majeruhi tu. Muda wa ziada na penalti havihesabiwi.

Kwa dunia nzima Uhispania alishinda. Kwa mkeka wa Dogo ilikuwa sare, moja kwa moja. Ile sare aliyotaka kuweka yeye mwenyewe.

Sijui kama mmewahi kumwambia mtu habari ya namna hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tu, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nimepatia." Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Tulipewa bonasi. Masharti yalisema waliopatia 12 wanagawana fungu lao, na inaonekana tulikuwa wengi, maana kilichoingia kwenye simu kilikuwa elfu ishirini na kitu. Dogo akaitazama ile hela kama mtu aliyepewa nauli ya kurudia nyumbani kutoka kwenye harusi yake mwenyewe.

Jioni ile, umeme umekatika, tumekaa barazani na kibatari, akaniuliza swali ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. "Dada, wewe umesoma. Hakuna mchezo duniani ambao mtu akipigwa kwa bahati mbaya kabisa, yaani amefanya kila kitu sawa akapigwa tu, wanamlipa vizuri?"

Nikamwambia upo. Na kweli upo. Mwaka wa kwanza hosteli nilikaa jirani na dada mmoja ambaye kabla ya chuo alifanya kazi ya kugawa karata kwenye kasino moja ya hapa Dar. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya poka ya Marekani na Kanada. Kwenye kumbi zao nyingi kuna jakpoti inayolipa aliyeshindwa. Wenyewe wanaiita bad beat. Mimi naiita jakpoti ya pole.

Nikaenda kuchukua karata za bibi, zile tunazochezea arobastini, nikazitandaza kwenye mkeka. Mkeka wa kweli, wa ukindu, siyo ule wa kwenye simu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa karata tano za wote. Unachanganya zako na za mezani unatengeneza tano bora. Nikampa Dogo nane ya kopa na nane ya pau. Mezani nikaweka nane ya shupaza, nane ya uru, tisa ya uru, kumi ya uru na mbili ya pau. Akaona mara moja: ana nane nne! Kwa karata saba, kupata nne za namna moja ni kama mara moja katika michezo 595. Ukiwa nazo unaweka hela yako yote pale katikati huku unatabasamu.

Halafu nikafunua zangu. Jeki ya uru na kwini ya uru. Nane, tisa, kumi, jeki, kwini, zote uru, zimefuatana. Hiyo inazipiga nane nne. Dogo akashika kichwa. "Si ndiyo mimi huyu!"

Ndiyo wewe huyu, nikamwambia, na hapo ndipo wanapokulipa pole. Mgawanyo uliozoeleka ni nusu ya jakpoti kwa aliyepigwa, robo kwa aliyempiga, na robo inayobaki wanagawana wengine waliokaa meza ileile. Kila ukumbi una wake. Agosti 2022, kwenye kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Marekani, mtu alikuwa na ree nne. Ree nne, jamani! Akapigwa na mfululizo mkubwa kuliko yote, kumi mpaka ree ya aina moja. Jakpoti ilikuwa zaidi ya dola milioni 1.2. Aliyepigwa akapata kama dola 493,000, aliyempiga kama 369,000, na waliokuwa wamekaa tu pale mezani wakagawana zilizobaki.

Dogo macho yalimtoka. "Sasa hao ndio watu wenye utu."

Subiri, nikamwambia. Nikachukua ile nane ya pau iliyokuwa mkononi mwake nikaiweka mezani, na ile mbili ya pau iliyokuwa mezani nikampa mkononi. Karata zake ni zilezile saba. Bado ana nane nne, bado nampiga na uru wangu, bado machungu ni yaleyale. Nikamuuliza, "Sasa hivi wanakulipa?"

"Si wanalipa, kwani kimebadilika nini?"

Hawalipi. Kumbi nyingi zinataka aliyepigwa na aliyempiga wote wawe wametumia karata zao mbili za mkononi. Sasa hivi ametumia moja tu, ile mbili ya pau haina kazi. Kipigo ni kilekile lakini pole hakuna.

Nikaendelea kumhesabia kwa vidole. Kuna kiwango cha chini cha karata zilizopigwa. Ukumbi ukisema nane nne au zaidi, wewe ukipigwa na saba nne unakwenda nyumbani na machozi yako. Lazima mezani muwe mmegawiwa karata watu wa idadi fulani, mara nyingi wanne au zaidi, ili watu wawili wasije wakapanga njama usiku wa manane. Lazima hela pale katikati iwe imefika kiasi fulani. Lazima mwende mpaka mwisho na mfunue karata zote. Ukizitupa kwa hasira kabla hazijathibitishwa umejikosesha. Na usiongee! Kumbi nyingi zinakataza kabisa kujadili karata mchezo ukiwa unaendelea. Mtu akiropoka tu, "Jamani hapa kuna jakpoti," anaweza kuwaharibia meza nzima. Ikitokea kweli mchezo unasimamishwa, karata zinahesabiwa kama zimetimia 52, kamera zinaangaliwa, vitambulisho vinaletwa.

"Na hiyo hela ya pole inatoka wapi?" Dogo akauliza. Swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza.

Inatoka palepale mezani. Kila mchezo ambao hela ya katikati imefika kiwango walichopanga, mgawaji anachomoa kidogo, dola moja au mbili, anatumbukiza kwenye kisanduku cha jakpoti. Wachezaji wenyewe wanachangia, mchezo kwa mchezo, usiku kwa usiku, kila mmoja akitumaini kwamba siku moja atapigwa kipigo chenye sifa. Na namba ile kubwa inaandikwa ukutani kwa taa, iwavute wengine waje wakae.

Dogo akakaa kimya muda mrefu, anazichezea zile nane. Halafu akasema, "Kwa hiyo hata kupigwa kuna kufaulu na kufeli."

Hapo kibatari kilikuwa kinaelekea kuzima, na ndipo akaniambia habari ya nyavu. Aliiambia ile karata ya pau, hakuniangalia mimi. Ya laki na themanini ya mjomba zilibaki kama elfu themanini. Nyuzi alikuwa amenunua kidogo za kuonyesha. Taa hazijaenda kwa fundi. Kila wiki alikuwa anajiambia nimepata tisa, nimepata kumi, nimekaribia, wiki ijayo narudisha zote. Alikuwa ameziandika kwenye kidaftari, mistari mitano, wiki nyingine hadi kumi na mitano. Elfu tisini na sita. Na ile bonasi ya elfu ishirini ndiyo ilikuwa imemwaribu kabisa, maana ilimwambia unaona, unaweza.

Sikulala. Kichwani nikawa napiga hesabu kwa sababu ndicho ninachojua kufanya nikiwa na hofu.

Mechi 13, kila moja ina majibu matatu. Mtu anayebahatisha tu, mikeka yote inayowezekana ni 1,594,323. Mmoja tu ndio wenye 13. Lakini wenye 12 ni mingapi? Unachagua mechi moja ya kukosea, ziko 13, na kila moja unaweza kuikosea kwa namna mbili. Mikeka 26. Wenye 11 ni 312. Mnaona? Yule aliyekosa moja hajasimama mlangoni kwa mwenye jakpoti. Amesimama kwenye umati ulio mara 26 zaidi. Na ndiyo maana fungu letu la bonasi lilikuwa la elfu ishirini.

Haya, utaniambia Dogo habahatishi, anajua mpira. Sawa. Tumpe kwamba kila mechi ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupatia, na hiyo ni kumpendelea sana. Kupatia 13 ni mara moja katika mikeka 8,192. Mkeka mmoja kwa wiki, ni zaidi ya miaka 157. Livingstone na Stanley walikutana hapohapo Ujiji mwaka 1871. Angeanza kujaza siku ile walipokutana, asiruke hata wiki moja, mpaka leo bado angekuwa hajaimaliza hiyo miaka.

Sisemi hakuna anayeshinda. Mei 2017 kule Kenya Samuel Abisai alipatia mechi zote 17 za SportPesa akachukua zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Ni kweli kabisa, picha zake na hundi kubwa tuliziona wote. Ila mechi 17 ni mikeka zaidi ya milioni 129. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Yaani kila Mtanzania, mpaka mtoto mchanga, angejaza mikeka miwili tofauti na bado mingine ingebaki. Picha ya Abisai tuliiona. Kidaftari cha Dogo nani alikipiga picha?

Wiki ile darasani nilikuwa na Kidato cha Nne, mada ya uwezekano. Kitabu kinasema rusha sarafu. Nikaiacha sarafu. Nikaandika ubaoni 12/13, nikauliza hii kwenye mtihani ni daraja gani? "A, madam!" Asilimia 92, A safi. Nikauliza, kwenye jakpoti je? Darasa likacheka, kicheko cha watu wanaojua. Nikasema nani amewahi kupata zaidi ya kumi? Nilidhani natania. Wakanyoosha mikono wanne. Mmoja akasema kwa fahari, "Madam mimi kumi na moja, kwa laini ya kaka." Watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Sheria inataka miaka 18, na hilo nalo ni sharti ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisoma. Nikasimama pale na chaki yangu, msimamizi wa TP amekaa nyuma anaandika, mimi nimesahau hata hatua inayofuata kwenye andalio la somo.

Nikawaambia kitu kimoja ambacho hakikuwemo kwenye andalio. Kwenye hesabu ukikosea jibu la mwisho mimi nitakupa alama za njia. Nitaona ulipoanza vizuri, nitaona ulipoteleza, nitakuhurumia. Mkeka haujui njia yako. Haujui kwamba ulitaka kuweka sare. Ukikupa kitu baada ya kukosea, hicho siyo huruma, ni sehemu ya mchezo, na wewe na wenzako ndio mliochanga. Kwa hiyo soma masharti kabla hujaweka, siyo baada ya kulia. Na ukiyasoma vizuri, mengi utaona huna haja ya kuweka.

Msimamizi alinikata alama za kutoka nje ya mada. Sawa tu.

Mjomba tulimwambia wote wawili, Jumamosi, kwake. Nilienda kwa sababu Uhispania ilikuwa yangu. Dogo aliongea yote mwenyewe, mimi nikaweka mezani elfu sabini kutoka kwenye hela yangu ya TP. Mjomba alikaa kimya mpaka nikaanza kusikia kuku wanavyoparura uani. Halafu akamwambia Dogo, "Pole." Basi. Hakuuliza umepoteza kiasi gani ndipo nikupe pole. Akamwambia zilizobaki utazilipa kwa dagaa, na nyavu utaziziba kwa mkono wako, hakuna kununua vipande vilivyo tayari. Dogo alishona wiki nne mfululizo, vidole vimechanika. Usiku wa kwanza ziwa lilipofunguliwa nilisimama Kibirizi na mama tukahesabu taa mpaka tukapotea hesabu. Moja ilikuwa ya kwao.

Je, ameacha? Jakpoti ameacha. Kimkeka cha timu tatu Jumamosi bado anaweka, ameniambia mwenyewe, nami nimechoka kugombana. Ila siku hizi kabla hajaweka ananitumia picha ya masharti na kuniuliza, "Dada, hapa wana maana gani?" Mara nyingi nikishamweleza anasema basi, acha.

Kwa hiyo wewe mwenzangu wa chumbani, najua unasoma hii umejifunika shuka. Kumi na moja siyo karibu. Wako 312 na wewe. Hela yako ya bumu nenda kanunue unga na sukari, na kama unataka pole, geuka, niko kitanda cha pili, natoa bure.

Tuko pamoja. Nikipata nafasi nitawaandikia jinsi nilivyorudi na treni nikiwa na dumu mbili za mawese na mbuzi wa mtu. Hiyo nayo ni stori!